Mkataba wa Vifuu

Mashine yenyewe ilikuwa nzuri, hilo hata wasiompenda Bi Evarista walikubali. Ilikuwa na mota isiyopiga kelele na meno ya chuma yanayong'aa, na nusu ya nazi ilikuwa imekwisha kukunwa kabla mteja hajafungua pochi. Ile ya zamani ilikuwa ikinguruma kama bajaji inayoumwa, na siku za mvua ilikuwa na tabia ya kumpiga shoti kidogo, ya kumsalimia tu. Alipoletewa mpya hakungoja hata jua lizame. Aliifunga ile ya zamani kwenye shuka, akaipandisha basi la kusini, ikaenda kwa mdogo wake Masasi naye aanzie biashara.

Haraka hiyo ndiyo iliyomponza. Mashine mpya ilikuja na mkataba, na kufikia mwezi wa nne Bi Evarista alikuwa akiomba kwa Mungu na kwa watakatifu wote anaowajua kwa majina, mkataba uondoke na mashine ibaki.

Meza yake ya nazi ilikuwa kwenye baraza la duka la Mama Anaeli, Mchaga wa Rombo anayeuza masufuria kwa jumla hapo Kariakoo. Mama Anaeli alikuwa mwenye duka, mwenye uwanja wa nyuma ya duka, na mwenye maneno. Wanawake hao wawili umri wao ulikuwa mmoja, na kwa miaka mingi walikuwa wakitukanana kila asubuhi kabla ya chai, na asubuhi ambayo mmoja alikosa kutukanwa alijua mwenzake anaumwa.

Sasa, pale mezani kulikuwa na desturi. Mteja anachagua nazi, inapasuliwa, inakunwa, anaondoka na nazi yake kwenye mfuko. Kifuu kinabaki chini, hakina mwenyewe. Asubuhi Sitara, mama lishe wa pale kona, anapita na karai lake, anazoa vya kupikia maharage. Vinavyobaki, Khalfani mkaanga samaki wa Feri anatuma mkokoteni kuvichukua, maana kwa kukaangia samaki hakuna moto unaozidi wa vifuu. Bei haikuwahi kutajwa. Ila saa saba mchana sahani ya wali ilikuwa inafika mezani kwa Bi Evarista bila kuagizwa, na mkokoteni wa Feri haukuwahi kuja bila gazeti lililofungwa, na ndani ya gazeti changu wawili au jodari kipande, bado wana moto.

Basi siku Elibariki alipokuja mara ya kwanza, alisimama mbele ya meza akiangalia chini badala ya kuangalia nazi. Elibariki alikuwa mtoto wa mdogo wake Mama Anaeli, mwanaume wa miaka thelathini na kitu, mwenye lori lake na simu mbili.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umeangusha nini?"

"Sijaangusha kitu. Naangalia hivi vifuu. Huwa unavitupa?"

"Sivitupi. Vinaondoka vyenyewe."

"Vinaenda wapi?"

"Jikoni kwa watu. Kwani una kesi navyo?"

Elibariki akavuta ndoo, akaipindua, akakaa. Akaeleza kwamba ng'ambo, Kigamboni, kumefunguliwa kiwanda kinachotengeneza mafuta kwa mabaki ya mazao. Magunzi ya mahindi, pumba za mpunga, maganda ya korosho, vifuu, chochote ambacho mkulima anakiona takataka. Wanakipika kwenye tangi lisiloingiza hewa, na moshi wake ukipoa unakuwa mafuta.

"Ya kupikia?" akauliza Bi Evarista.

"Ya kuendeshea mitambo, Bibi."

"Kwa hiyo nikikuna nazi hapa, kule mtu anawasha injini."

"Hivyo hivyo."

"Na mimi miaka yote nawapa akina Sitara wachemshie maharage! Kumbe tulikuwa tunakula kilo moja ya maharage kwa injini nzima."

Mama Anaeli alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni. "Usimfanyie mtoto mzaha. Sikiliza hela inavyoongea."

"Nasikiliza. Ninyi Wachaga hela mnaisikia hata ikinong'ona. Sisi watu wa kusini mpaka ipige kelele."

"Ninyi mnasikia panya tu, mboga yenu ile."

"Panya wa shambani, mama. Hawa wa dukani kwako siwezi kuwala, wananuka sabuni ya masufuria."

Elibariki akangoja wamalize, maana alikuwa amelelewa vizuri. Kisha akataja masharti. Yeye amechukua tenda ya kukusanya vifuu vya mjini. Lori ni lake, na kiwanda kinamlipa getini kwa kilo. Bi Evarista atalipwa kwa gunia, papo kwa papo, siku ya kupakia. Na ili waanze kwa uzuri, atamletea mashine mpya ya kukunia nazi, iwe kama kishika uchumba.

"Kwa mwaka mzima," alisema, "kila kifuu kinachotoka kwenye meza hii ni cha kiwanda. Ukimpa mtu mwingine, Bibi, au ukiacha, umevunja wewe, na mashine inarudi. Mimi nikiacha kuchukua, au nikipeleka kwingine, nimevunja mimi, na mashine inabaki kwako."

Hakukuwa na karatasi. Walishikana mikono, na Mama Anaeli akaweka mkono wake juu ya mikono yao, shahidi. Wiki hiyo hiyo mashine ikaja. Na ile ya zamani, tumeshasema, ikapanda basi.

Kesho yake asubuhi Sitara akafika na karai.

"Leo hamna, mwanangu," akasema Bi Evarista. "Vimepata mchumba Kigamboni."

Sitara akacheka, akijua ni utani wake wa kila siku. Akainama azoe. Ndipo akaona vimeshafungwa kwenye magunia. Akasimama, akashika karai lake vizuri.

"Sawa, Bibi," akasema, na ile sawa yake ilikuwa fupi.

Saa saba sahani haikuja. Saa nane haikuja. Saa tisa Bi Evarista akainuka mwenyewe, akaenda mpaka kona, akakaa kwenye benchi kama mpita njia, akaagiza. Alishangaa kugundua kwamba kwa miaka yote aliyokula wali wa Sitara hakuwahi kujua unauzwa bei gani. Akaijua. Akaambiwa pia kwamba umepanda, kwa sababu kuni nazo si za bure siku hizi, na Sitara alilisema hilo akiwa amempa mgongo.

Gazeti la samaki nalo likakatika. Mkokoteni wa Khalfani ulikuja, ukaambiwa, ukageuka, haukurudi tena.

Hayo angeyavumilia. Lililomshinda ni wateja. Kariakoo habari haitembei, inaruka, na haikupita wiki mtaa mzima ukajua kwamba vifuu vya Bi Evarista vina soko.

"Bibi, nipunguzie," akasema mama mmoja, mteja wake wa siku nyingi.

"Nikupunguzie kwa lipi?"

"Kifuu si unauza? Nazi nimenunua mimi. Kifuu changu, nyama yangu, maji yangu. Ukitaka kifuu, nunua kwangu."

Bi Evarista akahesabu wateja waliokuwa wakisikiliza nyuma yake. Akapunguza bei. Kesho yake wakaja wanne wanaotaka kupunguziwa. Dada mmoja wa ofisini aliyepita kutoka Mnazi Mmoja hakutaka hata kupunguziwa. Alichukua vifuu vyake viwili, akavitia kwenye mkoba mmoja na simu na vipodozi, akaondoka akitembea kwa maringo.

Elibariki aliposikia habari ya dada huyo, aliruka kutoka kwenye ndoo.

"Amechukua vifuu? Umempa, Bibi?"

"Nimpe saa ngapi? Kanyang'anya."

"Hukumpa kabisa? Hata kumwambia, haya, chukua?"

"Nilimwambia Mungu anakuona."

Elibariki akakaa tena, polepole, uso umemshuka. Bi Evarista akasema moyoni, kijana huyu ana roho ngumu, anasikitikia vifuu viwili.

Na ule uwanja wa nyuma ukajaa. Kifuu ni kitu cha ajabu: kinachukua nafasi ya mtu mzima na uzito wa neno tu. Gunia lililojaa mpaka shingoni Bi Evarista aliliinua kwa mkono mmoja, na yeye ni bibi mwenye magoti ya kubembeleza. Lori haliji mpaka magunia yawe mengi, na magunia yakingoja, nyama iliyosalia ndani ya vifuu inaoza, inaita sisimizi, sisimizi wanaita mende, mende wanaita wenzao. Mama Anaeli akawa anafungua mlango wa uani kwa mguu huku amebana pua.

Akipiga hesabu kwa vidole, Bi Evarista aliona hivi: anacholipwa kwa gunia kinaliwa chote na bei aliyowapunguzia wateja, halafu wali na samaki anavinunua mfukoni mwake. Zamani vifuu vilikuwa havina bei, vikimlisha. Sasa vina bei, vinamla. Na bado ilibaki miezi minane. Akivunja, mashine inarudi kwa Elibariki, na yeye anabaki na meza ya nazi isiyo na cha kukunia. Siku hizi nani atanunua nazi nzima aende kukaa kwenye mbuzi nyumbani? Atahama kwa jirani mwenye mashine, na Bi Evarista atabaki kuziangalia nazi zake, nazo zinamwangalia.

Kwa hiyo kiwanda ndicho kilichotakiwa kivunje. Kimkatae.

Alianza na maji. Alikuwa amesikia kwamba kule getini wanapima ukavu, na chenye maji wanakikata uzito au wanakirudisha. Siku moja kabla ya lori kuja akachota ndoo, akayamwagia magunia, gunia moja moja, kwa upendo, kama anayemwagilia mchicha. Elibariki hakutokea siku hiyo. Hakutokea na ya pili. Jua la Dar likapiga siku nne mfululizo, na lori lilipofika, vifuu vilikuwa vikavu kuliko vilipokuwa havijaguswa, na sisimizi wamekufa.

Akajaribu makumbi. Muuza madafu mmoja alikuwa na rundo la makumbi mabichi hataki hata kuliona, Bi Evarista akayaomba, akayachanganya ndani ya magunia nusu kwa nusu, takataka tupu. Wiki iliyofuata Elibariki akaja na salamu.

"Wanasema makumbi nayo ni mazuri. Ukiwa nayo zaidi, leta."

"Wamesema hivyo?" akauliza Bi Evarista kwa sauti ndogo.

"Wamefurahi sana," akasema Elibariki, naye hakuonekana amefurahi hata kidogo.

Wala Elibariki mwenyewe hakuwa rahisi. Kila alipokuja alikuja na amri mpya. Mara vifuu vikwanguliwe nyama yote. Bi Evarista akavikwangua. Mara magunia yasifungwe kwa kamba ya nailoni, yafungwe kwa katani. Akafunga kwa katani. Mara lori linakuja kupakia saa nne asubuhi, saa ambayo wateja wamejaa kama kwenye foleni ya kupiga kura, na linaziba meza yote. Bi Evarista akatabasamu, akasogeza meza. Hakuthubutu kukunja uso. Alijua kwamba neno moja la kuchoka likimtoka, kijana atalidaka na kulipeleka kwa shahidi.

"Bibi, huchoki?" Elibariki alimwuliza siku moja, akimwangalia kwa makini sana.

"Nichoke na nini? Mimi na kiwanda ni damu damu."

Siku ya safari ya mwisho, ingawa hakuna aliyejua ni ya mwisho, Elibariki alikuja na amri kubwa kuliko zote.

"Leo mwenye mzigo anatakiwa aende mwenyewe. Kiwandani wanataka kumwona anayewaletea."

"Mimi?"

"Wewe, Bibi. Ni mbali, jua kali, na meza itabidi uifunge siku nzima. Kama huwezi, useme tu. Sema huwezi, mimi nitaelewa."

Mama Anaeli alikuwa kwenye stuli yake mlangoni. Aliangalia huyu, akaangalia yule, akaendelea kufuta sufuria ambalo lilikuwa halina vumbi.

"Ngoja nivae viatu," akasema Bi Evarista.

Wakapakia. Lori likajaa mpaka juu, likawa kama limebeba nyumba, na lilipopita kwenye shimo likaruka kama tupu. Elibariki alipita upande wa Mnazi Mmoja kuelekea Kivukoni, akisema njia ya darajani ina malori ya makontena yanayotoka bandarini, ukiingia huko unaweza kuzeeka. Bi Evarista akasema asimtishe, yeye alishamaliza kuzeeka.

Wakafika kwenye foleni ya pantoni. Ilikuwa ndefu na haisogei. Kushoto kwao soko la samaki la Feri lilikuwa limechangamka, moshi wa wakaanga samaki ukija mpaka dirishani, na huo moshi, Bi Evarista aliutambua kwa pua: ulikuwa wa kuni mbichi. Machozi yakamtoka, na si ya huzuni.

"Bi Evarista!"

Alikuwa Khalfani mwenyewe, aproni imelowa mafuta, koleo mkononi. Nyuma yake wakaanga wenzake wanne. Walikuwa wameyaona magunia kutoka mbali, na kwa wenye njaa ya moto gunia la vifuu halijifichi.

"Kumbe ndiyo wewe unayetupitishia moto wetu mbele ya pua? Unavuka nao maji? Ulikosa wa kumtesa?"

"Hujambo, Khalfani."

"Sijambo gani? Angalia macho yangu. Kuni mbichi bei ya chuma, samaki wanatoka wana rangi ya kaniki, wateja wananiuliza nimekaanga au nimezika." Akageukia upande wa dereva. "Kaka, shusha hapa hapa. Magunia yote. Tumeshachanga, wenzangu hawa, tunakulipa sasa hivi mkononi."

Akataja bei ya gunia. Elibariki, ambaye mkono wake ulikuwa kwenye gia, aliuondoa.

Bi Evarista aliielewa bei ile vizuri sana. Ilikuwa juu ya ile anayolipwa yeye, tena juu kwa mbali. Alielewa pia kwamba magunia haya yakishuka hapa, mkataba umekufa. Kilichobaki ni nani ameuua. Yeye akisema, mwuzie, mashine imeondoka. Elibariki akisema, nauza, mashine imebaki.

Alikunja midomo ndani mpaka ikapotea. Kunyamaza ilikuwa kazi ambayo hajawahi kuifanya, hata kanisani alikuwa akijibu kabla ya padri kumaliza.

"Bibi," akasema Elibariki taratibu, "unasemaje?"

"Kuhusu nini?"

"Kuhusu hawa. Mzigo ni wako."

"Wangu? Ulishanilipa pale barazani. Kikitoka kwenye meza yangu ni cha kiwanda. Si ndivyo tulivyosema?"

"Ni kweli. Lakini tuseme ungekuwa wewe. Ungefanyaje?"

"Mimi ni abiria."

"Hata ushauri tu, Bibi. Kama mjukuu wako."

"Ushauri ninao. Pandisha kioo, nzi wanaingia."

Khalfani akapiga mlango kwa koleo. "Ninyi mna nini? Mtu anawapa hela mnaongelea nzi? Bibi, sema neno moja tu, huyu kijana atakusikiliza!"

Bi Evarista akaanza kukohoa. Alikohoa kikohozi kirefu cha watu wazima, chenye mapumziko katikati, akaomba maji, akanywa, akaiangalia bahari kama hajawahi kuiona. Mbele yao foleni ikatingishika. Gari la kwanza likaingia kwenye pantoni, la pili, la tatu. Mlinzi akapunga mkono: sogeeni, sogeeni. Nyuma wakaanza kupiga honi.

Elibariki hakusogea. Alikuwa akimwangalia Bi Evarista, na kwenye paji la uso jasho limejipanga mstari. Bi Evarista akaiona pantoni ilivyopanua mdomo. Wakishaingia humo, basi. Ni Kigamboni, ni getini, ni kurudi jioni, na kesho vifuu vingine kwenye gunia, na wali wa kununua, na dada wa ofisini na mkoba wake, miezi minane. Mashine ni kitu kizuri. Lakini kuna kitu kizuri hivyo? Mkuno wa mkono alikuwa anaujua tangu utotoni. Ataanza upya, atakaa kwenye mbuzi, magoti yatalia, yalie. Akavuta pumzi. Akafungua mdomo.

"Mimi siwezi tena!"

Sauti ilikuwa ya Elibariki. Alikuwa amepiga usukani kwa viganja vyote viwili, na honi ikalia pamoja naye.

"Huwezi nini?" akauliza Bi Evarista, mdomo bado wazi.

"Siwezi, Bibi! Nakula hasara kila safari! Lori limejaa mpaka mawinguni, nikipanda kwenye mizani yao wananiuliza nimeleta pamba? Nabeba upepo! Dizeli yangu, pantoni kwenda, pantoni kurudi, wapakiaji, washushaji, halafu wanakata unyevu."

"Unyevu?" akasema Bi Evarista, akitazama mbali. "Unatoka wapi, jamani?"

"Sijui! Na kule ng'ambo, nyuma ya ukuta wa kiwanda, watu wana milima ya makumbi na vifuu uani kwao, wanataka tu mtu wa kuwaondolea. Ningechukua pale, nafika getini hata gia ya tatu sijaweka. Hapo kuna hela. Kubeba takataka kutoka Kariakoo mpaka Kigamboni hakuna hela hata ufanyeje. Nilikuwa nangoja uchoke. Nimekusumbua na katani, nimekusumbua na kukwangua, nimekuleta huku juani, na wewe unatabasamu tu! Wewe ni mtu wa namna gani, Bibi?"

Nyuma yao honi zilikuwa sasa ni kwaya. Bi Evarista hakuzisikia. Kitu kilichokuwa kimemkaa kifuani tangu mwezi wa kwanza kilinyanyuka, kikatoka dirishani, kikaenda zake. Lakini hakuwa mtu wa kuondoka dukani bila chenji.

"Mjukuu wangu, mimi mtu mzima, masikio yananidanganya. Sema vizuri. Nani amevunja?"

"Mimi."

"Umevunja nini?"

"Mkataba. Nimevunja mimi, Elibariki."

"Na mashine?"

"Mashine ni yako, Bibi. Ilishanila mara tatu, acha ikulishe wewe."

"Mpigie shahidi."

Akampigia, akaweka sauti ya nje. Mama Anaeli alisikiliza yote bila kukatiza, kisha kikasikika kicheko kilichopita kwenye masufuria kabla ya kufika kwenye simu.

"Wajinga wawili sawasawa," akasema. "Huyu ananijia jikoni, eti mama mkubwa, yule bibi atachoka lini? Yule ananijia barazani, eti huyu mtoto wenu ataacha lini? Miezi minne nimekaa katikati yenu kama mfu."

"Ulijua?" akafoka Bi Evarista. "Ulijua, ukanyamaza? Na mende wote wale?"

"Mliniweka niwe shahidi. Mngenilipa niwe mmbea, ningewaambia."

"Nikirudi nitakutukana mpaka ufunge duka."

"Njoo. Nimekosa kutukanwa vizuri tangu ulipoanza kununa."

Elibariki akakata simu, akatoa kichwa dirishani, akamwambia Khalfani neno ambalo Khalfani alikuwa akilingoja. Wakaanga wakapiga yowe. Mmoja akakimbia mbele kusogeza mikokoteni, mwingine akasimama katikati ya njia na koleo lake akizuia magari kama askari wa usalama barabarani, akitukanwa na madereva naye akiwarudishia kwa ukarimu. Lori likatoka kwenye foleni kinyumenyume, likakata kona, likaingia sokoni kwa kutambaa. Nafasi yao kwenye pantoni ikachukuliwa na gari lililobeba magodoro.

Bi Evarista akaegemeza kichwa kwenye kiti. Upepo wa bahari ulikuwa unaingia, na moshi ukiwa nao, akauacha uingie wote. Elibariki naye alikuwa akitabasamu peke yake, mara ya kwanza tangu wajuane, na alionekana mdogo kuliko umri wake.

"Bibi," akasema, wakingoja watu wapishe, "yameshakwisha, niambie ukweli tu. Ningeendelea kunyamaza, ungesema?"

Neno lilikuwa bado kwenye ulimi wa Bi Evarista, zima, halijatumika. Akalimeza, akajifunga khanga yake vizuri.

"Mimi? Mwanangu, mimi ningefika mpaka Kigamboni, nikawasalimia wenye kiwanda mmoja mmoja, na wiki ijayo ningekuomba unipeleke tena."

Elibariki akaguna, akatikisa kichwa kama mtu aliyeshindwa kihalali. Bi Evarista akamwacha aamini, akafungua mlango, akateremka taratibu, goti moja kwanza na la pili baadaye, akaanza kuwaelekeza wakaanga wote watano namna ya kushusha gunia.